Nairobi ina mimea yake, na kuna watu bado wanaijua kwa jina

Kila Oktoba simu zetu zinajaa picha za jakaranda. Barabara zote zambarau, watu wanapiga picha za harusi chini yake, na kweli mti unapendeza, sina neno nao. Lakini jakaranda ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Mkaratusi ule mrefu wa kule Karura ni wa Australia. Grevilea imejaa mipakani mwa mashamba yote ya Kiambu hadi watu wameipa jina la Kikuyu, mukima, nayo pia ni ya Australia. Ua la kayaba, lile la miiba mirefu na matunda ya manjano machachu, lilitoka Afrika Kusini. Hata Nandi flame ambao tunauona ni wetu kabisa, ni wa Kenya ndio, lakini kwao ni huko magharibi, Nandi na Kakamega, si hapa.

Sasa simamisha mtu yeyote pale Moi Avenue umuulize akutajie miti mitano ambayo ilikuwa imesimama hapa kabla reli haijafika 1899. Wengi watataja mugumo, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, na kuishia hapo. Si kosa lao, hakuna mahali walifunzwa. Shuleni tulichora mche wa maharagwe na sehemu za ua, tukafanya mtihani, tukaendelea na maisha, hakuna mwalimu alitutoa nje ya geti akatuonyesha kile kilichokuwa kinaota pale nje.

Ninachotaka kusema kwa haya maandishi marefu ni kwamba mimea ya Nairobi bado iko, si yote lakini iko, na kujua ni ipi na inakaa wapi ni elimu inayobebwa na watu wachache sana, wengi wao wazee, wanaokutana asubuhi fulani na kutembea polepole wakiangalia majani. Vikundi hivyo ndivyo vimebeba kumbukumbu ya huu mji, na mimi naona ni kazi kubwa kuliko vile watu wanavyoichukulia.

Kwanza tuelewe mji wenyewe uko wapi. Nairobi imekaa mahali ambapo dunia mbili zinakutana. Upande wa magharibi na kaskazini, Karen, Lavington, Muthaiga, Gigiri, ni udongo mwekundu wa volkano, mwinuko uko juu, mvua inatosha, na hapo palikuwa msitu. Ukishuka mashariki na kusini, Embakasi, Athi River, Kitengela, unakutana na ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kukwama kwenye gari wakati wa mvua, na hapo palikuwa nyasi, nyasi mpaka macho yachoke, na migunga ya hapa na pale. Ndio maana ndani ya mji mmoja unaweza kuona nyani wa msituni asubuhi na pundamilia jioni. Na ndio maana ukipanda mti uliotoka upande mmoja ukaupeleka upande ule mwingine unakufa au unadumaa, alafu mtu anasema miti ya kiasili haikui haraka.

Msitu wa upande wa magharibi una miti yake miwili mikubwa, na hapa nitakaa kidogo juu napenda hiki kitu. Mmoja ni mukinduri, wataalamu wanauita Croton megalocarpus. Huu umeuona tu, hata kama hujui, matawi yake yanalala kwa tabaka tabaka na kileleni uko bapa, uko kwa mashule, kwa makanisa, kando ya Ngong Road, kila mahali. Wa pili ni muhugu, Brachylaena huillensis, na huu unaweza kuishi Nairobi maisha yako yote usiutambue, maana kwa mbali unafanana na mukinduri. Yote miwili jani lake juu ni kijani na chini ni jeupe. Upepo ukipiga msitu wote unageuka rangi ya fedha kwa dakika moja na huwezi kusema ni upi unang'aa.

Mara ya kwanza nilipoelewa tofauti ilikuwa kwenye matembezi ya kikundi, Karura, kijana mmoja wa chuo akanyosha kidole akasema, "Mwalimu, si hii ni mukinduri?" Yule mama tunayemwita Mwalimu, aliyefundisha bayolojia miaka mingi kabla ya kustaafu, hakumjibu. Akachuma jani, akampa, akasema tu, "Geuza, mwanangu. Toa lenzi." Kijana akageuza, akaweka ile lenzi ndogo karibu kabisa na jicho vile tunafundishwa, jani ndio linaletwa kwa lenzi na si lenzi kwa jani, akanyamaza. "Unaona nini?" "Naona kama manyoya, Mwalimu. Manyoya meupe yameshikana." "Haya. Sasa angalia hili." Akampa la pili kutoka mti wa jirani. Hilo halikuwa na manyoya, lilikuwa na magamba madogo madogo ya fedha yamepangana, na katikati yake vidoa vya kahawia. Hilo ndilo mukinduri. Lile la kwanza ni muhugu. Alafu akatuonyesha kingine, kwamba jani la mukinduri likizeeka kabla ya kuanguka linageuka rangi ya machungwa, kwa hivyo hata bila lenzi ukiangalia chini ya mti utajua uko chini ya nani.

Hiyo yote haikuchukua muda, lakini fikiria ni nini imetokea hapo. Kijana ameondoka na kitu ambacho hakuna mtu atamnyang'anya, na kesho atamwonyesha mwingine. Picha ya simu haikuonyeshi magamba na manyoya isipokuwa mtu amekwambia uyatafute.

Na muhugu ni mti wa kuulilia kwa kweli. Uko kwenye ukoo mmoja na alizeti, ukoo ambao karibu wote ni majani na vichaka vya maua, na huu ukaamua kuwa mti mrefu wa mbao ngumu ajabu. Mbao yake haiozi haraka, mchwa anaiogopa, kwa hivyo ilikatwa kwa nguzo za ua, ikakatwa kwa sakafu za nyumba za wakubwa, na baadaye ikawa ndio mti wa wachongaji, zile sanamu za twiga na tembo ambazo watalii wamebeba miaka na miaka nyingi zilikuwa muhugu. Wachongaji wengi siku hizi wamehamia mwarobaini, mwembe, hata jakaranda, kwa sababu muhugu mkubwa umekuwa shida kupata. Nao haukui haraka, dume na jike ni miti tofauti, na mbegu zake nyingi ni tupu au zimeliwa na wadudu, unapanda kitalu kizima unaambulia miche michache. Kwa hivyo muhugu mzee ukianguka Ngong Road Forest au Karura, usifikirie ni kitu cha kurudishwa kwa siku moja ya kupanda miti na viongozi wakiwa wamevaa gambuti.

Sasa hawa watu wa mimea ni akina nani. Kikundi kikubwa na cha zamani ni Nature Kenya, ambacho kilianza 1909 kikiitwa chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Walioanzisha walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari, masetla, watu waliokuwa wakikusanya vipepeo na maua wakati wa mapumziko, na lazima tuseme ukweli kwamba Mwafrika aliyewaonyesha njia na kuwatajia majina ya miti hakuandikwa popote kama mwanachama. Hiyo iko na inauma. Lakini mwaka uliofuata, 1910, hao hao wakafungua jumba dogo la makumbusho, na hilo ndilo likakua mpaka likawa Coryndon Museum mwaka wa 1930, na leo ni National Museum pale Museum Hill. Yaani makumbusho ya taifa letu ilizaliwa na chama cha watu wa kuokota majani na wadudu. Watu wengi wanapita pale na matatu kila siku bila kujua.

Ndani ya uwanja huo huo wa makumbusho ndipo ilipo hebaria ya Afrika Mashariki. Hebaria ni ghala ya mimea iliyokaushwa, kila mmea umebandikwa kwa karatasi ngumu, pembeni kuna kibandiko kinachosema uliokotwa wapi, lini, na nani, kwa mwinuko gani, ua lilikuwa rangi gani likiwa bichi, kwa sababu rangi inapotea ukikausha. Hii ilianzia Amani, kule milima ya Usambara, Tanganyika, Wajerumani ndio walianza mwaka wa 1902, alafu 1950 ikahamishiwa Nairobi. Kwa hivyo ndugu zetu wa Tanga mkituambia tumewachukulia kitu, mna haki. Kwa miaka mingi iliongozwa na Christine Kabuye, mwanabotania Mganda, na makabati yake yalitumika sana katika ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyoanza kuchapishwa 1952 na kumalizika 2012, zaidi ya spishi 12,000. Miaka sitini! Watu walianza kazi wakajua hawataiona ikiisha.

Mtu akiniuliza karatasi zilizokauka zina faida gani mimi namwambia hivi. Ukitaka kujua ni nini kilikuwa kinaota pale ambapo leo ni Industrial Area, hakuna mzee atakukumbusha yote, hakuna picha ya setilaiti ya miaka hiyo, lakini kuna kibandiko kimeandikwa kwa mkono, mahali, tarehe, na jani lenyewe liko hapo. Kila mtu wa hivi vikundi anayefundishwa kubana mmea kati ya magazeti, kuugeuza karatasi kila siku usiote ukungu, kuandika kibandiko vizuri, anaongeza kitu kwa hiyo kumbukumbu. Sisi tunatumia magazeti ya Taifa Leo, yanafyonza maji vizuri, na ukifungua baada ya wiki unakuta habari za zamani na ua limelala juu yake.

Nature Kenya ina vikundi vidogo ndani yake, wa ndege, wa mimea, wa mimea minene ya jangwani. Yale matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yalianza 1971, Fleur Ng'weno ndiye aliyeyabeba miaka yote hiyo, na nakuhakikishia hata kama unaenda kwa ajili ya mimea tu utafunzwa, maana huwezi kumjua ndege bila kujua mti anaokula. Alafu kuna marafiki wa misitu moja moja, Friends of Karura, Friends of City Park, marafiki wa Arboretum. Kila kimoja kina tabia yake.

Arboretum kwa mfano ni mahali pa ajabu kidogo kwa mtu anayetafuta mimea ya Nairobi, kwa sababu ilianzishwa 1907 kwa lengo la kinyume. Treni ya Uganda Railway ilikuwa inakula kuni, msitu ulikuwa unaisha, kwa hivyo wakoloni wakatenga kama hekta 30 wakapanda miti kutoka kila kona ya dunia kuona ni upi unakua haraka. Ndio ukipita pale unakutana na mti wa Australia, mwingine wa Meksiko, mwingine wa Asia, na katikati yao mukinduri umejiotea wenyewe bila kuombwa. Ni shule nzuri lakini, miti mingi ina vibao, na watu wa marafiki wa Arboretum wamefanya kazi nzuri ya kurudisha ile ya kiasili pembezoni mwa mto.

City Park iko Parklands, inakaribia hekta 60, ilitangazwa kuwa turathi ya taifa 2009, na wengi wanaijua kwa sababu ya tumbili wanaopora watoto ndizi, au kwa sababu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, amezikwa hapo. Lakini ukiingia ndani kabisa kuna kipande cha msitu wa zamani ambao haukuwahi kukatwa wote, una kamba za msituni zinene kuliko mkono wangu zikipanda juu, na kimya ambacho hutegemei ukiwa hapo tu na Limuru Road.

Na Karura. Karura ni hadithi ambayo kila Mkenya anafaa kuijua kwa moyo. Msitu ulihifadhiwa kisheria 1932, zaidi ya hekta 1,000, na miaka ya tisini ukaanza kugawanywa vipande kwa watu waliokuwa karibu na serikali, majengo yaanze. Wangari Maathai na Green Belt Movement wakasema hapana. Tarehe 8 Januari 1999 walienda kupanda mti mmoja pale getini, wakapigwa na genge la vijana waliokodishwa, yeye akapasuliwa kichwa, akaenda polisi na akatia sahihi ripoti kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo wakaingia barabarani. Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo watu wanakimbia pale Jumamosi na watoto wanaendesha baiskeli.

Kile watu hawakijui ni kilichofuata, ile kazi isiyo na kamera. Sehemu kubwa ya Karura ilikuwa mashamba ya mikaratusi, iliyopandwa kwa kuni na nguzo. Chini ya mkaratusi hakuna kitu kinaota vizuri. Kwa hivyo Friends of Karura na idara ya misitu wamekuwa wakifanya hivi, mikaratusi ikivunwa kwenye kipande fulani hairudishwi, panapandwa miche ya kiasili kutoka kitalu cha huko huko ndani. Na hapo ndipo taabu inaanza. Ukifungua tu mwanga, lantana inaruka. Lantana ni yale maua ya rangi mbili mbili ambayo tulikuwa tunanyonya tukiwa watoto, yalitoka Amerika yakaletwa kama urembo. Inafunika mche ndani ya msimu mmoja. Pamoja nayo kuna sestrum ya maua ya machungwa, kuna ule mtunguja mkubwa wa majani ya manyoya, yote ni wageni vamizi. Akina mama na vijana kutoka mitaa ya jirani kama Huruma wanang'oa kwa mkono, wanarudi baada ya mvua wanang'oa tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka ile miti midogo ishikane juu na kufunga kivuli. Kivuli kikifungwa lantana inakufa yenyewe. Lakini kufika hapo ni miaka.

Sasa unaelewa ni kwa nini inabidi anayeng'oa ajue anang'oa nini? Mche wa muhugu ukiwa na majani manne hauna tofauti na gugu kwa mtu asiyefundishwa. Nimeona mfanyakazi mmoja, mama wa makamo, akipita kwenye kichaka na panga, anakata huku na huku haraka sana, alafu anasimama, anainama, anasafisha kwa vidole kuzunguka kitu kidogo cha kijani, anaweka kijiti pembeni, anaendelea. Nikamuuliza, "Mama, hiyo ni nini umeacha?" Akasema bila hata kusimama, "Hiyo ni murarachi, wacha ikue." Murarachi ni ule mti wa maua ya waridi ambao ukichanua msitu mzima unaonekana umevaa. Huyo mama ni mtaalamu, hata kama hajaandika chochote.

Kuna mti mwingine lazima niutaje, muthiga, Wamaasai wanauita osokonoi. Ukitafuna jani lake mwanzo husikii kitu, unaanza kufikiri umedanganywa, alafu moto unapanda polepole kutoka nyuma ya ulimi kama pilipili na hauishi haraka. Gamba lake ni dawa ya jino, ya kifua, ya tumbo, bibi zetu wote walilijua. Na hiyo ndiyo shida yake, kwa sababu watu wanakuja usiku wanachuna gamba kuzunguka shina lote, na mti ukichunwa kuzunguka unakufa umesimama. Ukitaka kuvuna vizuri unachukua kipande upande mmoja tu, uache upande mwingine ulishe mti, au uchukue majani na matawi madogo ambayo yana ule ukali ule ule. Hii nayo ni elimu ya kikundi, nilifunzwa nikiwa nimesimama mbele ya mti wenye kovu.

Nimezungumza sana juu ya msitu na najua watu wa Embakasi na Syokimau wameanza kuniona nina ubaguzi. Haki yenu. Nyasi ndizo zimeonewa kuliko msitu, kwa sababu hakuna mtu anaandamana kwa ajili ya nyasi. Mtu akiona uwanda anaona ploti. Na ule uwanda ambao unaishia kwenye mbuga ya Nairobi, iliyotengwa 1946, kilomita za mraba 117, ni utajiri mtupu. Nyasi yake kuu inageuka wekundu wa kutu ikikomaa, Themeda triandra, na ndani yake ukienda mvua ya Machi ikiwa imeanza tu, chini panapasuka maua ambayo miezi yote mingine hayapo, yamelala kama vitunguu ardhini. Kuna moja jekundu la mviringo mzima kama ngumi, linatoka ardhini kabla hata ya majani yake. Kuna yungiyungi jeupe lenye mistari ya waridi, ambalo nilikuwa naliona kando ya Mombasa Road kabla magodauni hayajaanza kufuatana. Kwenye miamba kuna Euphorbia brevitorta, mmea mfupi wa miiba unaotambaa chini, ambao kwao ni Kenya. Mtu anaukanyaga akitafuta simba.

Na ule mgunga mdogo wa udongo mweusi, wenye vinundu vyeusi vimevimba kwenye miiba, hebu siku moja usimame karibu nao wakati wa upepo. Vile vinundu vina matundu yaliyotobolewa na sisimizi wadogo wanaoishi ndani, na upepo ukipita unapiga mluzi. Twiga akija kula, sisimizi wanatoka kwa hasira wanampanda usoni. Mti unawapa nyumba na utamu, wao wanaulinda. Udongo mweusi wote wa kusini mwa mji ulikuwa umejaa hii miti, na sasa pale ambapo ghorofa zinapanda unang'olewa na tingatinga kwanza kabisa, maana unaitwa kichaka.

Mugumo umebahatika kidogo. Novemba 2020, wakati Nairobi Expressway ilikuwa inajengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way pale Westlands ulikuwa umepangiwa kung'olewa, unasemekana kuwa na zaidi ya miaka 100, watu wakapiga kelele sana na mwishowe Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Barabara ikajengwa na mti ukabaki. Nilifurahi, nilifurahi kweli. Lakini mugumo ulipona kwa sababu kila mtu aliujua, una heshima ya mila, una jina. Kwenye mradi huo huo na mingine mingi, ni miti na vichaka vingapi vilikwenda bila hata mmoja wetu kuweza kuviita kwa jina ili tuvitetee? Huwezi kutetea kitu ambacho kwako ni "miti tu".

Ndio maana siku ya 13 Novemba 2023, serikali ilipotupa sikukuu nzima ya kupanda miti, nilikuwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032, ni lengo kubwa na nchi inauhitaji. Lakini mche uliopatikana kwa urahisi siku ile, kando ya barabara, ulikuwa upi? Nenda kwa nasari za pembeni ya barabara uangalie, safu kwa safu ni mimea ya urembo ya kigeni, grevilea, mikaratusi, na ukiuliza muhugu unaangaliwa tu. Hawa wauzaji si wabaya, wanauza kinachonunuliwa. Tukiuliza kila siku watapanda. Mbegu zipo, KEFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, wana kituo cha mbegu kule Muguga, Karura wanauza miche ya kiasili kwenye kitalu chao, na huko Tigoni, Limuru, kuna Brackenhurst ambako tangu mwaka 2000 wamegeuza shamba la miti ya kigeni kuwa msitu wa kiasili, unaingia ndani leo huamini kwamba umri wake ni mdogo kuliko watu wengi waliomo kwenye matatu yako.

Hivi vikundi vina mapungufu, sitayaficha. Matembezi mengi yanafanyika siku za kazi asubuhi, kwa hivyo anayeenda ni mstaafu au mwenye gari na muda. Majina yanazungumzwa kwa Kilatini na Kiingereza, wakati nusu ya elimu ya hii mimea iko kwa Kikuyu, Kimaasai na Kikamba, kwa midomo ya wazee ambao hakuna mtu amewaalika. Kwa miaka mingi mtu wa Eastlands hakuona sura inayofanana na yake pale. Hii inabadilika, siku hizi kuna vijana wa vyuo, kuna maskauti wa misitu ambao wanajua kuliko maprofesa, kuna watu wanapiga picha wanaweka iNaturalist, ile app ya kutambua mimea na wanyama, na wengine wanawasahihisha. Lakini ibadilike haraka zaidi. Matembezi ya Jumapili mchana, yafikike kwa matatu, mzee wa Kikuyu na mzee wa Kimaasai wakiwa mbele pamoja na mtu wa hebaria, hiyo ndiyo ningependa kuona, na nimeshawaambia.

Kwa wale walioniandikia kuuliza wapande nini, kwa kipimo cha ninachojua. Kama uko udongo mwekundu na una nafasi, mukinduri, murarachi, muringa, na muthiga kama una subira. Ua la nyumba, badala ya kayaba panda mukawa, una miiba ya kutosha kuzuia mwizi, maua yananukia jioni na matunda yake meusi watoto wanakula. Kama nafasi ni ndogo tafuta dombeya, haikui sana na nyuki hawatoki hapo. Kama uko udongo mweusi, Kitengela au Syokimau, usihangaike na miti ya msituni, weka muthigiu, weka mgunga wa gamba la manjano kama kuna maji yanasimama karibu, lakini mbali na msingi wa nyumba, na acheni kona moja ya ploti na nyasi zake bila kulima, muone ni nini kitatoka mvua ikinyesha. Kama una kibaraza tu cha ghorofani, kishubiri cha kiasili kwenye mkebe kinatosha, lakini nunua kutoka kitalu, usichimbe porini, mishubiri ya porini biashara yake inadhibitiwa na sheria.

Na kabla hujalipa, geuza jani. Kama muuzaji amekwambia ni mukinduri na huoni magamba ya fedha, mwambie akutafutie mwingine.